Ushahidi wa Dakika Mbili: Tunavyozipokea Trela za Filamu Mombasa

Kuna swali ambalo sisi wapenzi wa filamu wa Mombasa hulipita mbio kila trela mpya, yaani kipande kifupi cha kuitangaza filamu, inapotoka: katika dakika hizi mbili, ni kipi tulichokiona kwa macho yetu, na ni kipi tulichojijazia wenyewe? Trela huanza kuzunguka katika makundi ya WhatsApp asubuhi, na kabla ya adhuhuri imeshapata mashabiki na mahasimu. Yupo atakayesema kwamba filamu imeharibika, yupo atakayeapa kuwa atakata tiketi ya siku ya kwanza kule Nyali, na yupo atakayedai kuwa ameshaijua hadithi yote wala hana haja tena ya kuitazama. Wote watatu wanaizungumzia filamu ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeiona, na mara nyingine ni filamu ambayo hata watengenezaji wake hawajaimaliza.

Mjadala huo naupenda na sitaki kuuzima. Ni miongoni mwa mazungumzo machache ya sanaa ambayo kijana wa Kisauni na mama wa Majengo huyaingia bila kuulizwa wamesomea nini. Ninachodai ni kwamba trela ni ushahidi, tena ushahidi wa mambo machache yanayoweza kutajwa, na mtu anayeyatangaza maoni yake mbele ya watu ana wajibu wa kujua ushahidi huo unaishia wapi. Akiujua mpaka huo, neno lake moja linaweza kumsaidia mtazamaji mwenzake na hata mtengenezaji wa filamu. Asipoujua, anaweza kuiua kazi ya watu kwa kosa ambalo hakulithibitisha.

Tuanze na mambo ambayo trela haiwezi kuyathibitisha, kwa kuwa hapo ndipo tunapojikwaa zaidi. Trela ilizaliwa kama tangazo. Mwaka 1913 Nils Granlund, aliyekuwa akisimamia matangazo ya majumba ya burudani ya Marcus Loew mjini New York, alitengeneza kipande kifupi cha picha za mazoezi ya mchezo wa jukwaani, akakionyesha katika majumba hayo ili kuwavuta watu waje kuutazama mchezo wenyewe. Mwaka 1919 ikaanzishwa kampuni ya National Screen Service, ambayo kazi yake ilikuwa kutengeneza na kusambaza trela kwa niaba ya studio. Mtindo huo wa kuitenga kazi ya trela na kazi ya filamu haujatoweka: trela nyingi za Hollywood hadi leo hukatwa na kampuni maalumu za matangazo, mara nyingi filamu ikiwa bado haijakamilika, huku muziki unaosikika ukiwa umeteuliwa kwa ajili ya trela tu. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba mwelekezi fulani hajui kupangilia matukio kwa sababu trela imemchanganya, huenda anamlaumu mtu ambaye hakuishika kazi hiyo hata mara moja.

Kuna trela zilizotudanganya waziwazi. Mwaka 1960 Alfred Hitchcock aliitangaza filamu yake ya Psycho kwa trela ya zaidi ya dakika 6, ambamo yeye mwenyewe anatembea katika nyumba na hoteli ya filamu hiyo kama mwenyeji anayewatembeza wageni. Mwishoni anavuta pazia la bafuni na mwanamke anapiga kelele. Mwanamke huyo ni Vera Miles, ilhali katika filamu aliyeuawa bafuni ni mhusika aliyeigizwa na Janet Leigh. Mwaka 2017 trela ya Avengers: Infinity War ilimwonyesha shujaa Hulk akikimbia vitani Wakanda, nchi ya kubuni, pamoja na wenzake, na filamu ilipotoka mwaka 2018 tukio hilo halikuwemo. Katika visa vyote viwili watengenezaji walikusudia kuilinda siri ya hadithi, na mimi siwalaumu, lakini watazamaji waliojenga dhana zao juu ya picha hizo walikuwa wamejenga mchangani.

Kisa cha filamu ya Yesterday ya mwaka 2019 kilifika mpaka mahakamani. Watazamaji wawili wa Marekani waliikodi filamu hiyo kwa sababu walimwona mwigizaji Ana de Armas katika trela, kisha wakagundua kwamba sehemu yake ilikuwa imekatwa. Studio ilijitetea kuwa trela ni kazi ya sanaa inayolindwa na uhuru wa kujieleza. Desemba 2022 jaji wa mahakama ya shirikisho huko California aliikataa hoja hiyo, akasema kuwa trela ni tangazo la biashara na hivyo inaweza kushtakiwa chini ya sheria za matangazo ya uongo. Nauchukulia uamuzi huo kuwa wa maana sana, kwa sababu unatukumbusha aina ya kitu tunachokitazama. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya filamu hata kizuri hujitembeza, na kujitembeza kwake peke yake hakumwambii mtu kama ni kizuri au kibaya.

Basi trela haithibitishi mpangilio wa hadithi, haithibitishi kasi ya filamu, wala haithibitishi kuwa sentensi tunayoisikia inajibiwa na uso tunaouonyeshwa, kwa kuwa mkataji anaweza kuitoa sentensi katika tukio moja na uso katika tukio jingine. Haithibitishi mwisho, ijapokuwa wengi wetu hudai kuujua. Kuna nyakati kweli trela hufichua mno, kiasi kwamba mwaka 2014 chama cha wamiliki wa majumba ya sinema cha Marekani kilitoa mwongozo wa hiari ukizitaka trela zisizidi dakika 2, lakini hata hapo mtazamaji hupewa matukio bila uzito wake, na uzito ndio tunaoulipia tiketi.

Sasa nije kwenye upande wa pili, ambao ndio ulionisukuma kuandika. Yako mambo ambayo trela huyathibitisha kabisa, na mtu anayeyasema hapaswi kuambiwa asubiri filamu. Uso wa mhusika ni mmojawapo. Aprili 30, 2019 ilitoka trela ya Sonic the Hedgehog, na watu wa nchi mbalimbali wakamkataa mhusika mkuu palepale: meno yake yalikuwa ya binadamu, macho yake madogo yaliyotengana hayakufanana na ya mhusika waliyemjua katika michezo ya kompyuta, na umbo lake liliwatia wengine karaha. Siku mbili baadaye mwelekezi Jeff Fowler alitangaza kuwa umbo hilo litabadilishwa. Filamu iliyokuwa itoke Novemba 8, 2019 ikasogezwa hadi Februari 14, 2020, ikatoka na Sonic mpya, na ikafanya biashara nzuri. Watazamaji wale walikuwa sahihi kwa sababu walilalamikia jambo lililokuwa mbele yao, ambalo lingeonekana karibu katika kila tukio la filamu. Hawakuhitaji kuijua hadithi ili kuyahukumu yale meno.

Linganisha na trela ya Ghostbusters ya mwaka 2016, ambayo ilikusanya alama nyingi za kutopendwa kwenye YouTube kuliko trela nyingine yoyote ya filamu kabla yake. Wapo waliokuwa na hoja kuhusu vichekesho vilivyoonyeshwa, na hoja hizo zilistahili kusikika. Lakini zilizamishwa na wimbi la watu waliokwisha kuamua kabla ya kutazama, kwa kuwa tu wahusika wakuu walikuwa wanawake. Alama ya dole gumba lililoelekezwa chini haielezi ni wimbi gani limeibeba. YouTube iliificha hesabu ya alama hizo kwa umma mnamo Novemba 2021, na ingawa wengi walilalamika, sioni kuwa tulipoteza ushahidi wowote wa maana. Tulichopoteza ni idadi isiyo na sababu.

Nimeviona vitu hivi viwili, ushahidi na hukumu, vikitenganishwa na kuchanganywa katika kikao kimoja. Ilikuwa jioni barazani, Mji wa Kale, si mbali na Fort Jesus. Vijana wanne walikuwa wameiegemeza simu kwenye birika la kahawa wakitazama trela ya filamu iliyopigwa huku kwetu Pwani. Msichana aliyevaa buibui anamwita mamake kutoka ukumbini. Muuza kahawa, mzee ambaye alikuwa amewapa mgongo na hakuiona hata picha moja, akasema, “Huyo mwana si wa hapa.” Vijana wakairudisha nyuma na kusikiliza tena. Kweli, matamshi yalikuwa ya bara: sauti ilipanda pale ambapo mwenyeji angeishusha, na kila neno lilitamkwa kwa ukamilifu wa mtu anayesoma kitabuni. Kijana mmoja akaongeza jambo ambalo mimi sikuwa nimeliona. Leso ya yule mama ilikuwa imefungwa vibaya, jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, likiwa limepinduka kichwa chini, na kwa mwanamke wa Mombasa anayechagua leso kwa jina lake kabla hajautazama mji, ile sehemu ya kati, wala pindo, kosa hilo halitokei hata akiwa amevaa gizani. Halafu kijana mwingine akafunga mjadala: “Basi hiyo filamu ni takataka.”

Mzee wa kahawa na kijana wa leso walikuwa mashahidi. Matamshi ya mwigizaji hayatabadilika yenyewe filamu itakapotoka, na leso iliyopinduka imeshapigwa picha. Maoni yao yalikuwa sahihi, yalihusu jambo dogo linaloweza kutajwa, na yalitoka kwa watu wanaolijua jambo hilo kuliko mtengenezaji. Kijana aliyefunga mjadala aliruka kutoka kwenye leso hadi kwenye filamu nzima, na hapakuwa na daraja kati ya viwili hivyo. Filamu yenye leso iliyopinduka inaweza kuwa na hadithi itakayomliza mtu, sawa na vile filamu ambayo kila leso imekaa sawasawa inaweza kuwa haina uhai.

Wako watakaosema kwamba malalamiko ya lafudhi ni ubishi wa watu wa Pwani wanaojiona wenye lugha. Sikubaliani nao hata kidogo. Pwani yetu imetumiwa muda mrefu kama mandhari: minazi, mawimbi, mlango wa nakshi, mwanamke mwenye hina mikononi, kisha watu wanaozungumza ndani ya mandhari hiyo wanaletwa kutoka kwingine bila kufundishwa wenyeji wanavyozungumza. Trela ndiyo mahali pa kwanza ambapo uzembe huo huonekana, na mwenyeji anayeutaja anailinda haki ya kuonekana yeye mwenyewe katika filamu inayodai kumhusu. Hakuna mtu wa London ambaye angeombwa avumilie filamu ya London ambayo kila mhusika anazungumza kama mtu wa Texas.

Ujuzi wa awali wa mtazamaji una mipaka yake pia, na hapa inafaa kuwa waangalifu. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa katika tamasha la filamu la Toronto mwaka 2021, ilitokana na riwaya ya Adam Shafi ambayo wasomaji wengi wa Kiswahili wanaijua. Msomaji wa riwaya huiendea trela ya filamu kama hiyo akiwa na Yasmin wake na Denge wake, wahusika wa riwaya hiyo, kichwani, na ni kawaida moyo wake ukatae nyuso za wengine. Mwenye hisia hiyo anaweza kusema tu, kwa haki, kwamba nyuso hizi hazifanani na zile alizozijenga yeye aliposoma. Kusema kwamba filamu imeisaliti riwaya ni dai la ukubwa mwingine, linalohitaji kuitazama filamu yote na pengine kuifungua tena riwaya.

Na kuna hali ambapo trela hulazimishwa kusimama badala ya filamu. Mwaka 2018 Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya iliipiga marufuku Rafiki ya Wanuri Kahiu, filamu inayohusu mapenzi ya wasichana wawili wa Nairobi. Mahakama Kuu iliiondoa marufuku hiyo kwa siku 7 tu mwezi Septemba mwaka huohuo. Kwa Wakenya walio wengi, nje ya siku hizo, vipande vifupi vya mtandaoni ndivyo pekee vilivyokuwepo vya kujadiliwa, na mjadala mkali uliendeshwa juu ya filamu ambayo wengi wa wasemaji, wa upande huu na wa upande ule, hawakuwa na njia halali ya kuitazama. Ushahidi ukiwa mchache kiasi hicho, kila mtu huleta mizani yake kutoka nyumbani.

Tofauti kubwa iliyopo kati ya filamu za studio kubwa na za kwetu ni ya nguvu. Studio inayotoa filamu ya mashujaa husubiri kwa hamu hesabu za saa 24 za kwanza, nayo huzitangaza: kampuni ya Disney ilisema trela ya Avengers: Endgame ilitazamwa mara milioni 289 katika siku yake ya kwanza, Desemba 2018. Kelele za Mombasa haziongezi wala hazipunguzi kitu katika bahari hiyo, na hata zikiwa za matusi studio itatoa trela ya pili, ya tatu, na vipande vya sekunde 15 vya kila mtandao. Filamu ya Pwani haina uwezo huo. Fikiria kazi kama Subira ya Sippy Chadha, hadithi ya msichana wa Lamu, ambayo Kenya iliichagua kuiwakilisha katika tuzo za Oscar. Filamu ya aina hiyo hutegemea majumba machache, siku chache, na watu wa hapa kuambiana waende. Majumba mengi ya zamani ya katikati ya mji, ambako wazazi wetu walikwenda kutazama picha za Kihindi, yameshafungwa au kugeuzwa matumizi, kwa hiyo hata nafasi ya filamu kujitetea yenyewe kwenye kiwambo ni finyu. Klipu moja ya TikTok inayosema “takataka”, ikisambaa kutoka Likoni hadi Mtwapa, inaweza kuwa ndiyo taarifa pekee ambayo mtazamaji ataipata.

Klipu hizo zina msukumo wake wa kibiashara. Kujirekodi ukitazama trela kumekuwa kazi kwa watu wengi duniani, kiasi kwamba mwanzoni mwa mwaka 2016 ndugu wawili wa Marekani waliojulikana kama Fine Brothers walijaribu kulisajili neno “React”, jina la mtindo huo, kama alama yao ya biashara, wakapingwa vikali na mashabiki wao, wakarudi nyuma katika muda wa siku chache. Penye pesa za namna hiyo, uso uliotulia hauna soko. Anayejirekodi hujifunza kuruka kutoka kitini, kushika kichwa, kulia machozi au kutukana, kwa sababu hayo ndiyo yanayomsimamisha mtu anayepitisha kidole juu ya simu. Vijana wetu wanaiiga sauti hiyo ya kuazima, na inasikitisha, maana sisi tuna ustadi wetu wa kuizungumzia picha. Katika vibanda vya video, mafundi wa kusimulia filamu kwa Kiswahili, kama DJ Afro, wamewazoesha Wakenya kumsikia mtu akiifafanua filamu, akiitania na kuikosoa huku inaendelea. Msimulizi mzuri husimama kwenye jambo lenyewe, hili pigo, ule mlango, yule adui anayejificha, na wasikilizaji wake hucheka kwa sababu wote wanakiona anachokitaja. Ustadi huo ukihamishiwa kwenye trela, tutapata maoni ambayo yanasimamisha picha kwenye sekunde fulani na kusema: tazameni hapa.

Faida ya kutaja sekunde haiishii kwa mtazamaji. Studio ya Sonic iliahirisha filamu kwa zaidi ya miezi 3 na kumchora upya mhusika katika kila tukio, gharama ambayo mtengenezaji wa Mombasa hawezi kuiota. Hata hivyo, kati ya trela na onyesho la kwanza kuna mambo ambayo hata mfuko mdogo unaweza kuyarekebisha. Maandishi ya tafsiri chini ya picha huandikwa upya kwa siku moja. Sauti ya mhusika mwenye sentensi chache inaweza kurekodiwa tena studioni, mwigizaji akiwa amekaa na mtu wa Mji wa Kale anayemsikilizisha matamshi, hasa katika matukio ambayo uso wake hauonekani kwa karibu. Muziki wa taarabu uliowekwa juu ya mazishi, kwa sababu tu mhariri alitaka kitu cha Kiswahili, unaweza kuondolewa. Leso ile iliyopinduka haitanyooka, isipokuwa kama tukio hilo lina picha ya pili iliyopigwa kutoka pembe nyingine, na mhariri hatajua kuwa anapaswa kuitafuta mpaka mtu amwambie ni sekunde ya ngapi na kosa ni lipi.